Sauti ya Mama Yesenia

Mwalimu Haugen alikuwa amechoka hata miwani ilimwelemea. Yesenia Olvera alikuwa amechelewa mara ya tano, na katika shule yao ya Wisconsin, Marekani, mwalimu asipoongea na mzazi siku hiyohiyo, mwanafunzi anafutwa kwenye somo. Akifutwa, hamalizi shule mwaka huu.

Kipindi kilipokwisha na darasa kubaki tupu, akapiga namba ya mama yake Yesenia. Simu ikalia hapo hapo kwenye korido, nje ya mlango.

"Halo, Mama Yesenia anaongea," ikajibu sauti iliyojilazimisha kuwa nene.

Kwenye kioo cha mlango mwalimu aliuona mgongo wa Yesenia, simu sikioni, kofia bado ina theluji. Akanyoosha mkono kwenye kitasa amuumbue. Kisha akaushusha.

"Mama Yesenia, mwanao anachelewa sana. Kuna nini nyumbani?"

"Nimelazwa hospitali, Mwalimu, wiki ya tatu sasa. Yeye ndiye anawapeleka wadogo zake shule. Usimwambie nimesema, anaogopa serikali itawachukua kwa kuwa wanaishi bila mtu mzima."

"Na yeye anakula nini?"

"Chipsi."

Mwalimu akafumba macho. "Mwambie mchana aje tugawane supu yangu. Tutafute mtu wa kuwapeleka hao wadogo."

"Nitamwambia."

Mwalimu akaketi, akajaza fomu: nimeongea na mzazi. Mlango ukafunguka polepole.

"Samahani nimechelewa, Mwalimu."

"Kaa, mwanangu. Nimetoka kuongea na mama yako. Naona mafua yamemkaba."