Majibu ya Losaline

Kisiwani kwao Tonga, mwanamume hazungumzii mambo ya mwili mbele ya dada yake, na binamu wa kike ni dada, tena mwenye heshima kumzidi yeye. Semisi, muuguzi pekee wa zahanati, alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Ndiyo maana binamu yake Losaline hakuwa amekanyaga pale kupimwa saratani ya mlango wa kizazi tangu siku Semisi alipokabidhiwa funguo za zahanati ile.

Kisha kikaja kipimo kipya. Mwanamke anajichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba, nyuma ya pazia lake, kazi imekwisha. Kalolaine, mke wa Semisi, alimpelekea wifi yake kijiti nyumbani na kukirudisha kimeviringishwa kwenye kitambaa cha maua.

Majibu yalikuja mabaya. Kirusi kilichoonekana ni cha aina inayoongoza kwa kuleta saratani. Losaline aende kisiwa kikuu mara moja, daktari amwangalie vizuri. Semisi akamtuma tena mkewe, lakini kwa haya aliyokuwa nayo akayapaka maneno asali. "Mwambie kuna kitu kidogo wanataka kukitazama."

Kalolaine alirudi anacheka. "Wifi anasema usijisumbue. Enzi za kipimo cha zamani aliambiwa hivyo hivyo, akarudia baada ya mwaka, akakutwa salama. Atapima mwakani. Sasa hivi anasuka mkeka wa harusi ya binti yako, na unajua shangazi mtu hawezi kwenda harusini mikono mitupu."

Semisi alikasirika, kisha akaona wa kukasirikiwa ni yeye. Zamani ni kweli walisubiri. Kwa kirusi hiki, siku hizi hakuna kusubiri, na hilo ndilo aliloshindwa kulisema hata kwa kinywa cha mkewe. Meli mbili ziliondoka bila Losaline.

Kabla ya meli ya tatu alikwenda kwenye nyumba ya wasukaji, mahali ambapo wanaume hawaendi. Akasimama nje, akaupa mlango mgongo. Ndani vicheko vikakatika.

"Kaka mtu kapotea njia," mmoja alinong'ona.

"Dada Losaline, niwie radhi," alisema Semisi. "Ujumbe wangu haukuwa kamili. Si kitu kidogo. Hiki hakingoji mwaka. Wakikiwahi sasa, wanakiondoa na unarudi nyumbani. Tukingoja, sijui."

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, lakini hakuondoka.

"Na mkeka?" Losaline aliuliza, kana kwamba anaviuliza vidole vyake. "Harusi ni mwezi ujao."

"Harusi itasogezwa. Sitaki binti yangu akalie mkeka wa marehemu."

Mwanamke mmoja alishusha pumzi. Ndani kulisikika mkwaruzo wa majani makavu yakikunjwa na kuwekwa kando.

"Wifi," alisema Losaline polepole, "mwambie kaka yangu nimesikia. Muulize meli inaondoka saa ngapi."

Kalolaine, aliyekuwa miongoni mwa wasukaji, alisogea mlangoni akauliza, ingawa mumewe alikuwa hatua tatu tu mbele yake.

"Kesho, saa kumi na mbili asubuhi," alijibu Semisi. Kalolaine akageuka na kulifikisha jibu ndani, neno kwa neno, bila kupunguza kitu.