Pembe za Kadi ya Mzee Casimir

Bernadine Wojtasik alisubiri miezi saba, na katika miezi hiyo hapakuwa na mtu mjini Lackawanna asiyejua anasubiri nini. Aliwaambia watu kanisani, aliwaambia kwenye foleni ya duka la dawa, alimwambia hata fundi aliyekuja kuzibua bomba la jikoni, maskini, aliyekuwa amelala chali chini ya sinki na hana pa kukimbilia.

"Kadi ya baba iko kwa wapimaji," alisema. "Ya mwaka hamsini na nne. Ukiona pembe zake utadhani imetoka kiwandani leo."

Kadi yenyewe ilikuwa ya besiboli, karatasi ngumu inayoenea kiganjani, yenye picha ya kijana aliyekuwa ndio kwanza anaingia ligi kuu mwaka ule na baadaye akawa jina kubwa. Mzee Casimir aliikuta ndani ya pakiti ya chingamu akiwa na miaka kumi na miwili. Akafanya kazi kiwanda cha chuma miaka thelathini na mmoja, akafiwa na mke, akavunjika nyonga, na kadi ikabaki kwenye bahasha ndani ya kisanduku cha bati chini ya kitanda. Wanawe hawakuruhusiwa kuigusa.

Sasa hapa ndipo penye donda. Mzee ana watoto wawili. Gerard, mkubwa, anakaa ng'ambo ya mji na mkewe Darlene. Huja Krismasi na Pasaka, hula, hupiga picha na baba, huyoo, kaondoka. Bernadine ndiye aliyeacha kazi yake ya kupokea simu kwa daktari wa meno, akarudi kulala chumba cha utoto wake, na kwa miaka tisa amemwogesha baba, amembadilisha nepi, amemkata kucha za miguu. Halafu mwaka jana mzee akamwita mwanasheria, akaiandika nyumba jina la Gerard. Nyumba nzima, na chumba cha Bernadine ndani yake! Bernadine alipomfuata chumbani akilia, mzee alimwelekeza chini ya kitanda.

"Nyumba ni mbao na misumari," alimwambia. "Kitu changu ni hiki, Bernie. Hiki nampa anayenifaa."

Bernadine aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Nisikilizeni vizuri, hakuwa na haja ya kuiuza ile kadi. Alitaka mtu mmoja asiyemjua yeye wala ukoo wake, aliyekaa na taa na kioo cha kukuzia, aandike namba ya ubora wa kadi, kuanzia moja hadi kumi, ambayo Gerard na Darlene wataisoma kwa macho yao, wajue kwamba baba alimpa yeye kilicho bora. Basi. Kumi ingekuwa muujiza. Tisa ingetosha. Hata kwa nane angetembea kifua mbele.

Kadi za mji ule hukusanywa na Rudy Pikul, mwenye duka la kadi barabara ya Ridge, akazituma kwa wapimaji kwa pamoja. Bernadine alipompelekea ya kwake, Rudy aliitazama chini ya taa, akaigeuza, akaitazama tena.

"Bernie, una hakika unataka kuituma?"

"Kwa nini nisitake?"

"Foleni ni ndefu siku hizi."

Akaona ni uvivu tu wa Rudy, akajaza fomu. Na kweli, foleni! Mwezi wa kwanza kompyuta ilisema imepokelewa. Mwezi wa pili, imepokelewa. Mwezi wa tano, imepokelewa. Alipiga simu akachezewa muziki dakika arobaini, halafu binti mwenye sauti tamu akamwambia kadi yake imepokelewa. Jamani! Nyumbani mzee naye kila asubuhi, hata kabla hajavalishwa meno, "Wamesemaje?" Bernadine aliona huo ni upendo. Aliona baba anataka apate.

Mzigo uliporudi, Rudy aliutangaza kama kawaida yake: Jumamosi saa tano asubuhi, mbele ya wote. Sanduku hufunguliwa pale kaunta, kila kadi ikiwa imefungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo juu. Rudy huifunika lebo kwa kidole gumba, watu hupiga kelele za kubahatisha, mwenye kadi hutaja namba yake mwisho, kisha kidole huondolewa. Watu hulia pale, wengine hutukana.

Bernadine alivaa koti jekundu la harusi ya mpwa wake. Na alikuwa amemwalika Gerard. Alimpigia simu mara tatu ili asikose.

"Wifi, umekuja!" Bernadine alimpokea Darlene mlangoni. "Nilidhani uko nyumbani kwetu unapima madirisha ili uweke mapazia."

"Mapazia tulishanunua," alisema Darlene.

Walianza na Stan Hrycko, dereva mstaafu wa basi la shule, na kadi yake ya mdakaji ambaye hata timu yake imemsahau. Alituma kwa kuwa alimpenda yule mdakaji, hana sababu nyingine.

"Tano!" walipiga kelele. "Mpe nne, imekaa mfukoni mwa Stan!"

"Sita," Stan alisema, akiona aibu.

Rudy akaondoa kidole. Kumi! Duka lililipuka. Watu walimkumbatia mzee yule, wakamvua kofia, wakambusu upara, na Stan akawa anasema, "Hapana, hapana, angalieni vizuri." Walimpokonya wakaipitisha mkono kwa mkono. Bernadine naye alipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Siku ilikuwa ya bahati, mtu yeyote angeliona hilo.

Ikafika zamu yake. Rudy alilitoa kasha, akalitazama yeye kwanza, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Saba!" sauti zilianza. "Nane na nusu!"

"Tisa," alisema Bernadine, akimtazama Darlene.

"Bernie," Rudy alisema kwa sauti ya chini, "hii twende tukaisome ofisini."

"Isome hapa hapa. Kaka yangu hakuja kutazama mgongo wako."

Rudy akaondoa kidole.

"Haina namba. Wameandika imekatwa."

Kwa watu wale hakuna neno baya kuliko hilo. Maana yake mtu alichukua wembe na rula, akakata kingo zilizochakaa ili pembe zionekane mpya. Wapimaji wana vipimo vyao, na kadi iliyopungua hata unene wa ukucha hawaipi namba milele na milele. Mtu wa nyuma akacheka puani, na wengine wakafuata.

"Kwa hiyo inafaa kwa nini sasa, wifi?" aliuliza Darlene. "Kuwekea alama kwenye kitabu cha sala?"

Gerard aliangalia viatu vyake, lakini mabega yalikuwa yanamcheza kwa kicheko.

"Umeikata wewe!" Bernadine alimrukia Rudy, akamshika shati juu ya kaunta. "Mwizi mkubwa! Ilitoka nyumbani nzima!"

Rudy angeweza kunyamaza. Lakini mwenye duka hawezi kuitwa mwizi mbele ya wateja wake wote akameza mate tu.

"Ilitoka kwenu imekatwa!" alisema. "Mara ya kwanza aliniletea baba yako mwenyewe, miaka kumi na minne iliyopita. Ikarudi na neno hilo hilo. Alilivunja kasha hapo uliposimama, kwa nyundo yangu, akachukua kadi yake, akaniapisha nisimwambie mtu. Nilikuuliza una hakika. Sikukuuliza?"

Bernadine akaliachia shati. Darlene alimjia taratibu, akamsawazishia kola ya lile koti jekundu.

"Pole, wifi. Chumba kile tutakuachia mpaka mzee atutoke. Tumeshakubaliana na Gerard."

Saa sita, kama kila siku, mzee Casimir alikuwa kwenye kiti chake jikoni, kitambaa kifuani, akisubiri kulishwa supu. Jirani aliyekuwa akimwangalia alishaipasha moto, akaaga. Bernadine aliimimina bakulini, supu ya kuku na tambi, akaiweka mezani. Koti hakulivua.

"Wamesemaje?" aliuliza mzee.

"Ulijua."

"Nani kasema?"

"Rudy. Mbele ya Gerard. Mbele ya watu wote. Baba, ulijua ni takataka ukanipa mimi!"

Mzee alipunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Ungekaa? Gerard ana mke, ana watoto. Wewe ungerudi kwa daktari wako wa meno, mimi nipelekwe kwenye nyumba ya wazee nikafie huko. Mtu lazima apewe cha kumshikilia." Halafu akainama mbele, macho yamemtoka. "Lakini wamesemaje? Wapimaji wa mwaka ule walikuwa wengine. Nilidhani safari hii itapita."

Bernadine akalitupa kasha mapajani mwake. Mzee aliisoma lebo akiifuata kwa kidole, neno moja hilo, akalisoma tena. Kisha machozi yakamtoka, yakashuka mpaka kidevuni. Kwenye mazishi ya mama hakutoa hata moja. Bernadine alikuwepo, aliona. Moyo ukamruka, jamani, moyo wa mwanamke wa miaka hamsini na minane! Akapiga magoti palepale sakafuni, akamshika mikono.

"Baba, unanililia mimi?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Wewe? Wewe una nini?" Akalikumbatia kasha kifuani. "Ilikuwa pembe moja tu, Bernie. Pembe moja iliyokunjika. Nilipunguza kidogo tu."

Bernadine akainuka. Akavuta kiti, akaketi mbele yake, akalisogeza bakuli upande wake, akachukua kijiko. Supu ilikuwa bado ya moto. Aliinywa mwenyewe pole pole, hakuwa na haraka, na kila kijiko kilipopanda mzee alifungua kinywa. Alipoimaliza akazikusanya tambi zilizobaki chini, akazila nazo.