Miayo ya Jumapili Kumi na Mbili

Binti yangu Moureen alipopelekwa Finland kusoma, tuliambiwa ni mpango wa kubadilishana. Chuo chetu hapa Voi kinatoa mtoto mmoja, chuo chao kinatoa mmoja. Wa kwao alifika Januari, mrefu kama mlingoti wa simu, na wiki haikuisha kabla jua halijamgeuza mwekundu kama nyanya mbivu. Wa kwetu alinipigia simu kutoka kule akiwa amevaa nguo zote alizobeba kwa mara moja. Nikaona kweli tumebadilishana, mateso kwa mateso.

Somo lenyewe linaitwa bizines intelijensi. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hivyo nilimwambia anieleze pole pole.

"Ni hivi, Mama. Unakusanya hesabu za vitu vidogo vidogo, kompyuta inazipanga, halafu mwenye biashara anaona jambo ambalo limekuwa mbele ya pua yake siku zote."

"Kwani yeye hana macho?"

"Mama!"

Jumatano moja akapiga tena, sauti imepungua. Mwalimu ametaka kila mmoja alete hesabu za wiki kumi na mbili, za mahali anapopajua mwenyewe, za kitu ambacho hakuna mtu amewahi kuhesabu. Mwenzake mmoja baba yake ana hoteli. Mwingine mjomba wake anafuga samaki. Baba yake Moureen tulimzika Maungu miaka sita iliyopita, na biashara yake tukaizika naye.

"Nikikosa hizo hesabu, Mama, nimeanguka. Muhula wote wa huku hauhesabiwi, narudia mwaka. Na ufadhili hautolewi mara mbili."

"Sasa mimi naingilia wapi?"

"Kanisani. Mama, wewe hakuna kitu kinakupita. Ulijua Ronald wa kwaya ameachwa na mchumba wake kabla Ronald mwenyewe hajajua."

"Sikuchunguza. Nilikuwa tu nimeketi upande ule."

"Basi keti upande ule ule, unihesabie watu wanaokuja."

Hapo nikakataa. Nilimuuliza kama huko Finland wameacha kusoma Biblia. Mfalme Daudi alihesabu watu, tauni ikaua elfu sabini. Hata nyanya yangu, ambaye hakuijua Biblia, hakuwahi kuwanyooshea mbuzi wake kidole akawahesabu. Mimi sitaua kanisa zima la mtaa wetu wa Sofia kwa sababu ya mtihani.

Moureen akapiga mwayo, maana kule usiku ulikuwa umemchosha, na mimi nikapata wazo.

"Miayo," nikamwambia. "Miayo si watu."

Mwalimu wake, mama mmoja mwenye nywele nyeupe, alicheka sana, kisha akakubali.

Benchi letu la wajane liko kando ya mimbari, linawatazama waumini usoni. Wengine huona tumewekwa pale kwa heshima. Mimi niliona Mungu alijua Moureen atazaliwa. Nilinunua daftari dogo. Mchungaji Kitonga akifungua mdomo kuhubiri, naandika saa. Mtu akipiga mwayo, nachora kijiti. Vijiti vitano nafunga, kila dakika tano naanza mstari mpya. Watoto wachanga sikuwaandika. Aliyejificha nyuma ya Biblia nilimwandika. Mzee Nzau, mzee wetu wa kanisa, hupiga miayo mdomo ukiwa umefungwa, pua tu ndiyo hufunguka kama ya ng'ombe aliyenusa mvua. Nayo niliandika.

Kila Jumatatu nilimtumia Moureen picha ya ukurasa.

"Mwalimu anauliza hii ni miayo ya watu wangapi," akasema siku moja.

"Mwambie ni ya watu wa Mungu."

Baada ya Jumapili tisa akanitumia mchoro kwenye simu. Mstari ulitambaa chini kama nyika ya Maungu, ukafika dakika ya ishirini na tano, ukasimama wima kama mlima Kasigau. Bila kompyuta ningeweza kumwambia hivyo. Lakini ilinifurahisha kuona uchovu wetu umechorwa vizuri hivyo.

Jumapili ya kumi, Mama Shanice, mjane mwenzangu, akachungulia daftari.

"Mama Moureen, hivi vijiti vyote ni vya nini?"

"Ni hesabu za Moureen."

"Moureen si yuko ng'ambo?"

"Ndiyo. Omba, Mama Shanice, macho yafunge."

Ningemweleza sawasawa siku ile, ningejiokoa. Kufikia Alhamisi mji wote ulikuwa na habari kwamba Mama Moureen anaandika dhambi za watu, na kitabu kinapelekwa kwa askofu.

Jumapili ya kumi na moja waumini waliketi kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Macho wazi, migongo imenyooka. Mchungaji Kitonga akahubiri saa moja na dakika kumi. Nilisubiri na kalamu yangu. Dakika ya thelathini, hakuna. Dakika ya hamsini, hakuna. Mzee Nzau alikuwa amebana pua hata machozi yanamtoka.

"Naona njaa ya Neno!" Mchungaji akapaza sauti. "Uamsho umefika Voi! Nitamwita askofu aje aone!"

Moureen alipoona ukurasa akapiga simu mara hiyo hiyo.

"Sifuri? Mama, sifuri itaniangusha. Watasema nimebuni kila kitu. Andika thelathini na nane."

"Niliona sifuri."

"Ni miayo, Mama, si ushahidi wa mahakamani!"

"Aliyesema usishuhudie uongo hakuweka miayo kando."

"Basi nitarudi nyumbani nirudie mwaka, wewe na sifuri yako mfurahi."

Akakata simu. Nikapiga magoti, na sikuomba kwa adabu. Nilimwambia Mungu, Baba, nimefagia nyumba yako miaka thelathini. Kwa watu wote wale, hukuweza kumlegeza hata mmoja?

Jumanne Mchungaji akaniita ofisini. Mzee Nzau alikuwa ameshaketi, amekunja mikono. Mchungaji akanyoosha mkono, nikampa daftari, nikamweleza yote: Finland, mwalimu, miayo, mwaka ambao mtoto wangu atarudia.

"Lichomwe," Mzee Nzau akasema. "Leo hii."

Mchungaji alikuwa anafunua kurasa. "Jumapili ya tano, dakika ya arobaini, hapa kuna vijiti kumi na tisa. Nilikuwa nasema nini?"

"Ulikuwa unatueleza ile semina ya Nakuru, Mchungaji."

"Ile semina ilikuwa na upako."

"Upako ulibaki Nakuru, Mchungaji."

Mzee Nzau akakohoa. "Na mimi nimo humo?"

"Sikuandika jina la mtu, Mzee."

"Nakuuliza, nimo?"

"Pua yako imo."

Mchungaji hakucheka. Alifika ukurasa mtupu, akauwekea kidole. "Kwa hivyo Jumapili hii haikuwa uamsho."

Ningeweza kumwachia furaha yake. Askofu alikuwa ameshapigiwa simu. Lakini mtoto wangu analia Finland kwa sababu nimekataa kudanganya kuhusu ukurasa ule ule. Nitaanzaje kumdanganya mchungaji juu yake?

"Ilikuwa ni woga. Wanafikiri nawaandikia askofu."

Mchungaji akafunga daftari, akanirudishia.

"Imebaki Jumapili moja?"

"Moja."

"Basi kaa pale pale."

Jumapili ile akasimama mimbarini akasema hakuna mtu anayeandikwa jina, daftari ni la masomo ya Moureen, na mwenye mwayo apige kama Mungu atakavyomjalia. Akahubiri dakika thelathini. Nilipata miayo saba. Mitatu naamini walinipigia kwa kunihurumia, nikaandika hivyo pembeni.

Siku ya Moureen kusimama mbele ya darasa, niliegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikafunga kilemba kipya. Walizungumza lugha zao. Kisha mwalimu akaja karibu na kioo, akanitazama, akauliza kitu.

"Anauliza kuhusu sifuri, Mama," Moureen akasema. "Anataka aliyehesabu ajibu mwenyewe."

"Mwambie walikuwa wamejua kwamba naangalia. Kosa ni langu, sikuficha daftari. Na umwambie kwamba mtoto wangu aliniomba nibadilishe, nikakataa."

"Mama, hiyo ya mwisho nayo niseme?"

"Sema yote."

Akasema. Mwalimu akazungumza, na hakuwa mtu wa maneno machache. Moureen akafunika uso kwa mikono miwili.

"Anasema mtu anayepika hesabu hapiki sifuri. Sifuri ndiyo imefanya aamini zile zingine. Anasema nilipoomba ubadilishe nilifanya vibaya, na hilo tutaongea mimi na yeye." Akatoa mikono. "Lakini nimepita, Mama. Nimepita."

Nikamwambia alale sasa, amevimba macho.

Jioni hiyo nilimkuta Mchungaji Kitonga anafunga mlango wa kanisa, nikampa habari.

"Bwana asifiwe!" akasema. Akageuza ufunguo, akaujaribu mlango, halafu akashusha sauti. "Na mahubiri yenyewe, wazungu wamesemaje?"

"Hawakuuliza yalihusu nini, Mchungaji."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."