Alama ya Kuuliza Kiunoni

Fundi cherehani alikuwa ameshatandika kitambaa mezani na mkasi uko mkononi. Lilikuwa pande moja tu, la mwisho dukani, na wifi yake, dada wa mumewe, alitaka liwe gauni la kuvaa kwenye mahafali ya mwanawe. Vipimo alivituma kwa simu. Alivipanga vizuri, maneno huku na namba kule, lakini simu ya fundi, kuukuu na yenye ufa, ilibana nafasi zote ikaonyesha: "kifua36?kiuno28?nyonga40?"

Fundi akacheka hadi miwani ikamteleza. Akampigia.

"Wifi, mtu mzima hujui hata kiuno chako? Mbona unaniuliza mimi?"

"Nani kakuuliza? Nimekuandikia na nusu! Ile alama ya moja juu, mbili chini."

"Kwangu imefika alama ya kuuliza, tena mara tatu."

"Basi simu yako haijui nusu. Itupe!"

"Nitupe nini? Ningekata ishirini na nane kamili, ungeingia kwenye gauni kwa kusukumwa."

"Na msukumaji ungekuwa wewe!"

Wifi akaandika upya, kila kipimo na mstari wake, na nusu akaiandika kwa herufi. Safari hii vikafika vizima. Fundi akachora kwa chaki, akarudia kupima kwa futi, ndipo akakata.

Simu ile hakuitupa. Ilipokutana na isichokijua iliuliza, na kuuliza si ujinga.