Chanjo ya Aya ya Tisa

Mwezi wangu wa kwanza kazini waliletwa kuchanjwa mbuzi arobaini na mmoja, na thelathini kati yao walikuwa wa mlinzi wetu. Dawa ya mbuzi elfu mbili ilirudishwa kwenye friji. Mkurugenzi wetu, Bwana Kerrow, alisema wafugaji hawasomi. Mimi niliyeweka tangazo kwenye tovuti ya shirika nilimuunga mkono kwa nguvu zote, kwa sababu kama kosa si lao basi lilikuwa langu.

Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu, na ulibaki mmoja. Kazi za hapa Garissa zinajulikana: ukipoteza moja, utakaa nyumbani ukiulizwa na kila mgeni utaolewa lini. Bwana Kerrow hakunificha. "Naimo," aliniambia, "safari hii mbuzi wasipokuja, Ijumaa yake utapata barua."

Lakini tangazo lenyewe lilikuwa lake kuliko langu. Alikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na sita kabla ya kuja kutuongoza, na kwake yeye kuanza na jambo lenyewe ni utovu wa adabu. Kila nilichoandika alikirudisha kimevalishwa koti. Tangazo lilianza kwa taadhima, likawashukuru mwenyekiti, makamu wake na wajumbe saba kwa majina, likaeleza umuhimu wa mifugo tangu enzi za mababu, na siku ya chanjo ikaja aya ya tisa. Kompyuta ilionyesha kwamba msomaji wetu anakaa kwenye ukurasa sekunde kumi na moja. Kwa sekunde kumi na moja hata makamu hujamfikia.

Simu za ofisini zililia kutwa. Chanjo ni lini? Niliwajibu kwamba iko kwenye tovuti, wasome, tena kwa ukali.

Tangazo la mara ya pili nilimpelekea shangazi yangu Mulki, anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Sikwenda kuomba ushauri. Nilitaka kusifiwa, na shangazi hunisifu hata nikichemsha chai. Ana mbuzi sitini kwa kaka yake njia ya Liboi, na Kiswahili cha sokoni anakijua. Kule malishoni simu yenye intaneti huwa moja, anayejua kusoma huwasomea wenzake, kwa hiyo nami nikamsomea kwa sauti.

Kwetu mtu akikupa habari humsikilizi kimya. Kila akivuta pumzi unamwitikia: haye. Maana yake nakusikia, endelea. Ukinyamaza, msemaji anajua amekupoteza, na mwenye haya zake hukomea hapo.

Nikaanza. Kwa taadhima kubwa. Haye, akasema shangazi. Tunawasalimu wafugaji wote. Haye. Kwa mwenyekiti, haye ya chini chini. Kwa makamu hakusema kitu. Kwa mjumbe wa kwanza aliinuka akaanza kusuuza madumu. Nilikasirika, nikapandisha sauti, nikawamaliza wajumbe wote, na nilipofika enzi za mababu shangazi alikuwa anampimia mteja lita mbili huku akimuuliza hali ya mkewe.

Nilimuuliza kwa nini haniitikii. Alifuta mikono.

"Eedo," akasema, maana kwetu shangazi na mpwa huitana jina lilelile, "mimi nangoja siku ya sindano. Mbuzi nakufa, na wewe bado nasalimia watu."

Nilichukia. Niliondoka bila kuaga vizuri, na nusu nzima ya njia nilikuwa najitetea peke yangu. Kisha nikakumbuka simu za ofisini, na jinsi nilivyowafokea watu waliouliza swali moja la haki. Niliona aibu kweli kweli.

Kesho yake nilirudi na kalamu. Nilimsomea upya, na kila alipoacha kuitikia nikakata. Mwenyekiti akaenda. Wajumbe wakaenda wote saba. Mababu nao, Mungu awarehemu, wakaenda. Nilipotaja siku mwanzoni kabisa aliitikia hata kabla sijamaliza. Nilipotaja sotoka ya mbuzi akauliza ndiyo ipi hiyo, basi nikaandika anavyoijua yeye: makamasi, vidonda mdomoni, kuhara. Ikabaki mistari sita. Jumatano, saa moja asubuhi, soko la mifugo Garissa. Chanjo ya mbuzi, bure.

Sikumwonyesha Bwana Kerrow. Nililiweka mwenyewe kwenye tovuti, kisha nikazima simu.

Aliona siku iliyofuata. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Aliuliza salamu ziko wapi. Aliuliza kama mimi nimezaliwa porini, nikamjibu ndiyo, njia ya Habaswein, na kwa kuwa yeye mwenyewe kazaliwa hukohuko aliliacha swali hilo. Halafu akasema barua yangu itakuwa tayari Ijumaa.

Jumatano mbuzi walifika sokoni kabla yetu. Kufikia saa tatu msururu ulikuwa umeingia barabarani, na madereva wa malori walipiga honi mpaka wakachoka. Hinda, daktari wetu wa mifugo, alichanja hadi bega likamuuma, na saa saba dawa ikaisha. Waliobaki walipangiwa siku nyingine, wakaondoka wakinung'unika. Mzee mmoja alimwambia Bwana Kerrow kwamba tangazo la safari hii limeandikwa na mtu anayejua mbuzi. Bwana Kerrow alikohoa, akaangalia viatu vyake.

Ijumaa alinipa barua: kurasa mbili, na muhuri. Nilitoka nayo nje kuisoma. Ilianza kwa taadhima. Ilipitia historia ya shirika, ikasifu bidii yangu, ikasikitikia nidhamu ya vijana wa leo, ikawashukuru wadau, ikanitakia kila la heri katika yajayo. Niliisoma mara tatu. Sikujua nimefukuzwa au nimeajiriwa, na hilo la kila la heri lilifanana na kwaheri.

Nilirudi ndani nikamuuliza. Alishangaa, akasema mbona iko wazi, akavaa miwani. Kidole chake kilishuka ukurasa wa kwanza, kikapanda, kikahamia wa pili. Nilimhurumia. Mzee wa watu alikuwa anatafuta neno lake mwenyewe na hakuliona.

"Nilikusudia kuliandika," alisema hatimaye. "Naona sikuliandika." Akageuza karatasi upande mtupu, akanisogezea pamoja na kalamu yake. "Andika wewe."

Hakusema niandike nini, na mimi sikuuliza. Niliandika: Naimo ameajiriwa kwa miaka miwili kuanzia Jumatatu.

Aliisoma. Akaitazama kwa muda mrefu, akitafuta pa kumwingiza mwenyekiti, na hapakuwa na nafasi. Akatia sahihi.