Barabara Iliyorefuka

Siku kiwanda cha nguo kilipofungwa, mafundi wa barabara walichimbia vibao vipya mia mbili vya kilomita kati ya mji ule na jiji kuu. Barabara ilikuwa imerefuka. Mchumi alinakili habari hiyo daftarini, chini ya idadi ya walioachishwa kazi, akaendelea na utafiti.

Alizaliwa mji huo. Zamani safari ilikuwa ya saa mbili. Sasa alitumia saa sita, mwendo uleule, lami ileile. Posta ilipohama, ziliongezeka kilomita kumi na mbili. Tawi la benki, thelathini. Kaka yake, aliyekuwa mfumaji kiwandani, alimsaidia kuhesabu vibao, isipokuwa siku mbili kwa wiki alizolala hospitalini kusafishwa figo kwa mashine.

"Waandikie ukweli, mdogo wangu," alisema. "Wakijua tulivyo mbali, watatukumbuka."

Kamati jijini ilisoma ripoti yote, jambo lisilo la kawaida. Hakuna aliyeitilia shaka barabara. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa na shangazi kule na siku hizi hamtembelei.

"Kazi safi," alisema. "Kwa umbali huo, fundi wa mashine ya figo hawezi kufika. Tuilete huku kwenye watu."

"Na kule kuna watu," mchumi alisema.

"Wapo. Lakini umeandika mwenyewe kwamba wanapungua."

Kweli alikuwa ameandika.

Mashine ilihamishwa Jumatatu, barabara ikaongezeka kilomita tisini. Jumanne alfajiri kaka yake alipanda basi kuifuata. Jumatano mchumi alimpigia simu.

"Mmefika wapi?"

"Tunakwenda tu. Vibao vinachimbiwa mbele yetu. Kumbe wamefunga na chuo cha ufundi."

"Unajisikiaje?"

"Miguu imevimba kidogo. Usijitie presha."

Alhamisi simu iliita mpaka ikakatika. Ijumaa abiria mwenzake alipokea, akasema wamemzika kando ya barabara, kilomita ya elfu moja na tisini, mahali pakavu, pazuri. Mchumi akamshukuru.

Alikwenda kuomba gari la ofisi afike kaburini. Karani wa usafiri alimpa pole, akafungua kitabu chake.

"Gari lipo, dada, ila limepangiwa miji mingine minane. Wameupenda sana utafiti wako."

Mchumi alisaini fomu. Jumatatu alianza na mji wa kwanza.