Anayetafutwa Ana Miaka Saba

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, Kasiva alikuwa barazani kwao Tezo akipinda sketi ya sare ya shule kwa cherehani, baba yake alipotokea nyuma ya nyumba, upande wa mihogo, walikomzika wiki tatu nyuma. Alikuwa na suti ile ile ya kijivu aliyozikwa nayo. Akajikung'uta udongo magotini, akasimama kando ya mlango.

"Hodi wenyewe."

Kasiva alijua papo hapo kwamba hajalewa. Kwa miaka ishirini na saba Mzee Musembi hakuwahi kupiga hodi. Alikuwa akiuegemea mlango mpaka unafunguka.

"Karibu, Baba."

Jirani yao, Kabibi, alikuwa akipita na ndoo kichwani. "Shikamoo, mzee. Umerudi?"

"Marahaba. Sikai sana."

Kabibi akaenda zake, maana maji ya bomba yalikuwa yakikatwa saa tano.

Kasiva alimtilia chai. Mzee akakishika kikombe kwa mkono mmoja, na mkono haukutetemeka. Kasiva aliutazama mkono huo mpaka chai ikaisha.

"Nimemfuata Kasiva," mzee alisema. "Yuko wapi?"

"Mimi ndiye Kasiva."

Mzee alimwangalia kwa adabu, kama mtu anayeona aibu kumsahihisha mwenye nyumba. "La, mama. Wangu ana miaka saba. Meno mawili ya mbele hana."

Kasiva alielewa. Alikuwa na miaka saba mwaka ule ujenzi wa hoteli moja ya Kikambala uliposimama, na baba yake, aliyekuwa fundi wa mawe, akaanza kushinda kwenye mangwe, akinywa mnazi na wenzake. Sasa marehemu alikuwa amekuja na yale tu aliyoyaona akiwa na akili zake, na hayo yaliishia hapo.

Basi akamsimulia. Jinsi mama yake, Charity, alivyofunga mizigo akarudi kwao Mwingi. Jinsi yeye mwenyewe alivyomsukuma baba kwa wilbaro kutoka mangweni akiwa na miaka kumi, Jumapili, wenzake wakitoka kanisani. Jinsi mwalimu Joram alivyomposa, akamngoja miaka miwili, kisha akaoa kwingine, kwa sababu mzee hakuwa na mtu mwingine wa kumlaza. Na hospitalini, siku ya mwisho, Kasiva akimpangusa uso, baba alimshukuru: "Ahsante, nesi."

Mzee alisikiliza yote.

"Huyo baba yako alikuwa akikupiga?"

"Hata siku moja. Alikuwa akisahau tu kwamba nipo."

Mzee aliinamisha kichwa. Machozi yalimlengalenga. "Pole sana, mama. Mungu amsamehe mtu huyo."

Kasiva alikuwa amelingoja neno hilo tangu utotoni. Alilipokea, akasema ahsante, akaondoa vikombe.

Tangu hapo mzee alikuja kila Jumamosi. Alimwulizia mtoto, akaambiwa hajarudi, akangoja. Kwa kuwa hakupenda kukaa bure, aliziba nyufa za ukuta, akasawazisha ngazi ya mlangoni. Kabibi naye akamwita aangalie ukuta wa choo chake, akaujenga upya kwa Jumamosi mbili, ukanyooka vizuri.

"Mwambie huyo mtoto amekufa," Kabibi alimshauri Kasiva wakiwa bombani. "Apumzike mzee wa watu."

"Hajafa," Kasiva alisema.

Kabibi akamwinulia ndoo.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane mzee alikaa kitini tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, mikono juu ya magoti, macho njiani. Watoto walipita, mmoja mmoja, wawili wawili. Mzee alimtazama kila mmoja usoni, kisha akamwacha apite. Mwishowe akasimama.

"Akija, mwambie baba yake alikuja."

"Nitamwambia."

Akapita katikati ya mihogo, akiangalia asikanyage miche michanga, akateremka kaburini.

Kasiva aliingia ndani, akasimama katikati ya chumba.

"Baba yako alikuja," alisema kwa sauti.

Akangoja kidogo. Kisha akafunga dirisha, kwa sababu upepo ulikuwa umeanza kuingiza vumbi.